Kuyeyusha na kutunza DSIP maabara ya Dodoma: kutoka kichupa hadi kipimo cha homoni

Kichupa cha DSIP (delta sleep-inducing peptide, peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, inayohusishwa na usingizi) kikifika mezani mara nyingi huonekana kitupu. Ukikiinua kwenye mwanga wa dirisha utaona utando mweupe umeshika chini, au unga mwepesi kama vumbi la chaki umekwama pembeni na hata kwenye kizibo. Hakuna aliyechomoa kitu njiani. Miligramu 5 za peptidi iliyokaushwa kwa baridi ndivyo zilivyo. Balaa liko kwenye lebo: ikisema 5, mara nyingi humo ndani hamna 5 za peptidi, na majaribio mengi huharibikia hapo kabla hata panya hajaguswa.

Mwongozo huu ni wa wanaofanya kazi hii maabara, chuoni au kwenye kituo cha utafiti, Dodoma na kanda hii ya kati. Si wa kujidunga. DSIP haijasajiliwa kuwa dawa ya usingizi, na vichupa vinavyouzwa mtandaoni kwa maandishi ya "utafiti tu" havina uhakika wa usafi wala wa kutokuwa na vijidudu. Mwenye kukosa usingizi aende kliniki. Huko kuna mambo ya kumsaidia yaliyopimwa kwa watu.

Unashughulika na nini hasa

DSIP ni mnyororo wa asidi amino 9: triptofani, alanini, glisini, glisini, aspatiki, alanini, serini, glisini, glutamiki. Kwa herufi za maabara ni WAGGDASGE. Uzito wake ni 848.8. Iligunduliwa Basel, Uswisi, na kundi la Schoenenberger na Monnier: walimlaza sungura usingizi kwa kuchochea ubongo wake kwa umeme, wakachukua damu inayotoka kichwani, wakatenga kilichomo. Mpangilio wake walioutoa mwaka 1977 ndio unaotumika mpaka leo. Jina lilitokana na mawimbi ya delta, yale mapana ya polepole, chini ya mizunguko 4 kwa sekunde, yanayoonekana kwenye kipimo cha umeme wa ubongo mtu au mnyama akiwa usingizini kabisa.

Baadaye likaingia suala la homoni za msongo: kuna majaribio yaliyoonyesha inapunguza homoni ya tezi ya pituitari inayoamrisha tezi za juu ya figo, na mengine hayakuona kitu. Jeni yake haijapatikana, wala kipokezi chake, yaani mahali kwenye seli inapojishikiza. Kwa hiyo ukisikia mtu anaeleza kwa kujiamini DSIP "inavyofanya kazi", muulize kipokezi ni kipi.

Mambo mawili katika mnyororo huo yatakusumbua kila siku. Triptofani iko mwanzoni kabisa, na vimeng'enya vya damu vinavyokata kuanzia mwanzo huing'oa haraka. Kwenye damu peptidi hii huhesabiwa kwa dakika, si kwa saa. Tena triptofani huharibiwa na mwanga na hewa. La pili ni aspatiki ya katikati, ambayo kwenye joto au kwenye alkali hujigeuza umbo bila kubadili uzito. Spektrometa ya masi, inayopima uzito wa molekuli, haitakuonyesha kosa hilo, kwa hiyo dawa yake ni kulizuia.

Kuagiza na kupokea

Omba chumvi ya aseteti, hasa kama utatumia kwa wanyama au seli. Peptidi nyingi husafishwa kwa asidi ya trifluoroasetiki, na mabaki yake hubaki yameshikana na peptidi. Yanachachua myeyusho na yanaweza kusumbua seli. Cheti kiwe na mambo manne: mpangilio, usafi kwa kromatografia, uzito uliopimwa kwa spektrometa ya masi, na kiasi halisi cha peptidi. Kilele cha spektrometa kiwe karibu 849.3, yaani molekuli pamoja na protoni moja. Kikiwa kwingine, usihangaike kuyeyusha, andika barua.

Kibali cha kuingiza kemikali ni kazi ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kazi ya wanyama inaangukia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 pamoja na kamati ya maadili ya taasisi yako. Anza hayo kabla ya kulipia mzigo. Kichupa kilichokaa bohari ya Dar es Salaam kwenye joto la Februari kikingoja karatasi ni hasara usiyoiona kwa macho.

Unga mkavu uliofungwa vizuri huvumilia siku kadhaa za joto la kawaida, kwa hiyo safari ya Dar hadi Dodoma, kwa treni au barabara, si tatizo. Tatizo ni buti ya basi mchana kutwa, au boksi lililoachwa juani stendi. Mwenye kulibeba akae nalo.

Friza na umeme

Weka kichupa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ndani ya mfuko wa zipu wenye vifuko vya silika, uliofunikwa karatasi ya alumini. Cha kukaa zaidi ya mwaka kiende nyuzi 80 chini ya sifuri. Usitumie friza zinazojiyeyusha barafu zenyewe: huwa zinapanda joto na kushuka kila siku, na vichupa hupanda na kushuka nazo.

Jaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji yaliyoganda. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hukaa baridi kama siku mbili umeme ukikatika. Iliyo nusu tupu, kama siku moja. Halafu kuna ujanja wa sarafu, nao haugharimu kitu: gandisha kikombe cha maji, weka shilingi 200 juu ya barafu, rudisha kikombe. Ukirudi Jumatatu ukakuta sarafu imezama chini na barafu juu yake, friza iliyeyuka wikiendi ikaganda tena, hata kama kipimajoto kinasoma vizuri. Unga mkavu utapona. Vile ulivyokwisha kuyeyusha viwekee alama, usivichanganye na vizima.

Kufungua

Toa kichupa, kiache mezani bila kukifungua kwa saa nzima. Ukikifungua kikiwa baridi, unyevu wa hewa huganda ndani na unga hunata. Julai hewa ya Dodoma ni kavu na huenda usione kitu. Januari mvua zikiwa zimekolea utaona jasho kwenye kioo ndani ya dakika moja. Kisha kizungushe kwenye sentrifuji kwa dakika moja, mwendo mdogo, ili unga wa kwenye kizibo ushuke. Kama kichupa hakiingii, kigonge taratibu mezani.

Usijaribu kupima miligramu 1 kwenye mizani. Kiangazi chetu, kuanzia Juni mpaka Novemba, hewa ni kavu kiasi kwamba unga huu hupata umeme tuli na kuruka: unaukuta kwenye glovu, kwenye ukuta wa mizani, kila mahali isipokuwa kwenye karatasi. Yeyusha kichupa kizima.

Hesabu

Chukua mfano wa kichupa cha miligramu 5, cheti kikisema peptidi halisi ni asilimia 80 na usafi asilimia 98. Asilimia 20 inayokosekana ni maji na chumvi, si wizi. 5 × 0.80 × 0.98 = miligramu 3.92. Gawanya kwa 848.8, unapata maikromoli 4.62. Ukitaka akiba, yaani myeyusho wa kutunza, ya milimola 1 (milimoli 1 kwa lita), ujazo wa mwisho ni mililita 4.62. Aliyegawanya 5 moja kwa moja atapata 5.89, ataweka mililita 5.89, na kila dozi yake itakuwa na upungufu wa zaidi ya moja ya tano, au kwa lugha nyepesi: atatoa 78 akidhani ametoa 100.

Kwa DSIP kosa hilo lina uzito kuliko kawaida. Tangu zamani imeripotiwa kwamba mwitikio wake hupanda na dozi hadi kilele, kisha hushuka. Ukiwa hujui uko upande gani wa kilima, matokeo yako na ya mwenzako wa Moshi yatapingana nanyi nyote mkiwa mmefanya kwa uaminifu. Wauzaji wengine huandika kiasi halisi kwenye lebo tayari; soma cheti, usipunguze mara mbili.

Maji

Maji ya bomba ya Dodoma, mengi yakitoka visima vya Makutupora, yana chumvi na ugumu unaoonekana kwenye kila birika la mji huu. Usiyatumie hata kusuuzia. Tumia maji safi ya sindano, au maji yaliyochujwa na kuondolewa ioni kisha kutakaswa.

Kuhusu kutakasa: mji uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 96. Mashine ya mvuke yenye geji inayosoma paundi 15 kwa inchi ya mraba, ambayo pwani inafika nyuzi 121, hapa inafika karibu 119. Fuata kipimajoto, si geji. Ili upate 121 geji itabidi isome karibu 17. Kama mashine yako haina kipimajoto, angalia kwanza kiwango cha juu alichoruhusu mtengenezaji, na ikiwa huwezi kupandisha, ongeza muda. Peptidi yenyewe haiingii humo kamwe. Ikihitaji kutakaswa, ipitishe kwenye kichujio cha maikromita 0.22 kisichonasa protini, ukimwaga matone machache ya kwanza.

Maji yenye pombe ya benzili, yale ya kuzuia bakteria, usiyapeleke kwenye seli wala kwenye ubongo wa mnyama.

Kuyeyusha

DSIP inapenda maji. Ina asidi nyingi kuliko besi, kwa hiyo haihitaji DMSO (kiyeyushi cha kemikali) wala vitu vikali. Kichupa hubeba mililita 2 au 3 tu, kwa hivyo fanya hivi. Weka mililita 1 ya maji ukiyateremsha kwenye ukuta wa kioo. Kama kichupa kina kizibo cha mpira na kimefungwa na ombwe, shikilia pampu ya bomba la sindano, la sivyo maji yatavutwa kwa kishindo na kupuliza unga juu. Zungusha taratibu kwa mkono, dakika mbili tatu. Usitikise: povu likitokea, hewa inakutana na triptofani. Hamishia kwenye tyubu ya plastiki ya mililita 15, suuza kichupa mara mbili kwa mililita 1 kila mara, pamoja na kizibo, yote yaende kwenye tyubu ileile. Jazia hadi 4.20, si 4.62. Sababu inakuja.

Chovya kipande cha karatasi ya pH kwa tone moja tu. Kati ya 5 na 7 ni sawa. Chini ya 4, mabaki ya asidi ni mengi. Ongeza hidroksidi ya sodiamu ya milimola 100 tone kwa tone ukichanganya, usivuke 7. Myeyusho uwe mwangavu, bila rangi, kama maji. Ukiwa na vumbi linaloelea, zungusha kwenye sentrifuji uone kama litatua. Likitua, huenda si peptidi. Ukiwa na rangi ya njano au kahawia, triptofani imeungua na kichupa hicho ni cha mafunzo ya wanafunzi.

Kuhakiki kwa mwanga

Hapa triptofani inakulipa usumbufu wake: hunyonya mwanga wa nanomita 280, na kwa molekuli yenye triptofani moja kiwango ni 5500. Chukua maikrolita 100 za akiba, changanya na 900 za maji uliyotumia, pima mwanga ulionyonywa kwenye kyuveti (kikombe kidogo cha kupimia) ya kwatsi yenye upana wa sentimita 1. Kioo cha kawaida na plastiki ya bei rahisi hunyonya mwanga huo zenyewe. Sifuri upige kwa maji yaleyale, na ufute alama za vidole.

Kama cheti kinasema kweli, mililita 4.20 zitasoma karibu 0.605. Gawanya kwa 5500, unapata mola 0.00011, yaani milimola 0.11; zidisha kwa 10, akiba ni milimola 1.10. Umeshatoa maikrolita 100, zimebaki mililita 4.10, na 4.10 × 1.10 ni 4.51. Jazia hadi 4.51 na una milimola 1 kamili. Ukisoma 0.55, tayari uko kwenye milimola 1 na cheti kilizidisha, usiongeze maji. Ndiyo maana hatukujaza hadi 4.62 mwanzoni: maji unaweza kuyaongeza, kuyatoa huwezi. Ukisoma juu sana, zaidi ya 0.7, shuku kiputo cha hewa, uchafu, au peptidi yenye triptofani ya ziada, kabla hujasherehekea.

Pima mara tatu kabla ya kujazia, kila mara kwa mchanganyiko mpya, na kwenye hesabu ya ujazo uliobaki ondoa maikrolita 100 za kila kipimo.

Kugawa

Gawa siku hiyohiyo kwenye tyubu ndogo zisizonasa peptidi, maikrolita 100 kila moja. Andika kwa kalamu ya friza: DSIP, milimola 1, tarehe, namba ya kichupa. Kalamu ya kawaida hufutika kwa spiriti, na tyubu 40 zisizo na jina ni tyubu za kutupa. Gandisha zikiwa zimefunikwa alumini. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri zitumie ndani ya miezi mitatu. Nyuzi 80, mwaka. Tyubu iliyoyeyuka haigandishwi tena. Yeyusha juu ya barafu, itumie siku hiyo, iliyobaki imwagwe hata kama moyo unauma.

Miyeyusho ya chini ya maikromola 10 hushika kuta za plastiki. Itengeneze mwishoni kabisa, na kama jaribio linaruhusu, weka albumini asilimia 0.1.

Kwa mnyama: protokali yako ikisema nanomoli 100 kwa kilo na panya ana gramu 250, anahitaji nanomoli 25, yaani maikrolita 25 za akiba, zikijazwa hadi 250 kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Pima uzito wa panya asubuhi ya jaribio, si wa wiki iliyopita.

Homoni: makosa yanayojirudia

La kwanza, na linatokea kila mwaka: kununua seti ya vipimo (kit) ya kotisoli kwa ajili ya panya. Homoni kuu ya msongo ya panya ni kotikosteroni. Seti ya kotisoli itakupa namba, maana hunasa kidogo na kotikosteroni pia, na namba hiyo haina maana.

La pili ni saa. Binadamu kotisoli yake hupanda alfajiri na kufikia kilele kama nusu saa baada ya kuamka. Panya ni wa usiku; kotikosteroni yake iko chini taa zinapowaka na hupanda kuelekea kuzimwa. Taa ziwake kwa muda wa saa 12 na zizimwe kwa muda wa saa 12, na saa ya kuwashia iwe na betri yake. Umeme ukikatika kwa muda wa saa mbili usiku bila betri, mzunguko wa panya wote unasogea na hakuna atakayekuambia. Kuhusu usingizi, usidunge asubuhi taa zinapowaka tu: panya wakati huo tayari wamezama, na huwezi kuona ongezeko mahali palipojaa.

La tatu ni mkono wako. Kotikosteroni huanza kupanda ndani ya dakika chache tangu uguse kizimba, kwa hiyo damu ya kiwango cha kawaida ichukuliwe kabla ya dakika 3 kwisha, tangu mlango wa chumba ulipofunguliwa. Ukipanga panya 12 kwenye kizimba kimoja, wa 12 atakuwa amesikia yote. Wazoeshe kushikwa na kuchomwa sindano ya maji ya chumvi kwa wiki nzima kabla. Kundi la maji ya chumvi ni la lazima. La peptidi yenye asidi zilezile 9 zilizochanganywa mpangilio ni bora zaidi, kwa sababu ndilo litakaloonyesha kama kazi inafanywa na DSIP au na kitu chochote kile.

Chumba cha panya kiwe kati ya nyuzi 20 na 26. Usiku wa Julai hapa hushuka hadi 13 au 14 na upepo ukipenya madirishani, panya watajikunja na usingizi wao utabadilika kwa baridi, si kwa peptidi yako.

Damu ya kupima homoni ya pituitari iwekwe kwenye tyubu ya plastiki yenye EDTA (kizuia damu kuganda) iliyopoozwa, iende barafuni papo hapo, izungushwe kwenye sentrifuji baridi, plasma igandishwe nyuzi 80 chini ya sifuri ndani ya nusu saa. Kotikosteroni ni mvumilivu zaidi. Ukitaka kupima DSIP yenyewe kwenye plasma, weka pia bestatini (kizuia vimeng'enya) kwenye tyubu kabla damu haijaingia. Ukiiongeza baadaye, vimeng'enya vimeshakula.

Sindano ziende kwenye boksi la njano la vitu vyenye ncha, bila kurudishiwa kifuniko. Kwenye daftari, kila tyubu iliyotumika iandikwe pamoja na namba ya kichupa na usomaji wake wa 280, kwa kalamu ya wino.